Kinjeketile alijua maji hayazuii risasi, akakataa kusema. Ungekuwa wewe?

#1 Mtoa mada

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa, shikamooni.

Jumapili iliyopita kikundi chetu tulicheza Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein kuhusu Vita ya Majimaji, kwenye uwanja wa shule huku kwetu Mbagala. Tangu siku hiyo kuna swali limenikaa kichwani na nimeshindwa kulimaliza peke yangu. Nimeona nililete hapa.

Wengi wetu tuliusoma sekondari. Ubaoni: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Mimi nilikariri kwamba Kinjeketile ni jasiri, mzalendo, ana msimamo. Mtihani nikafaulu. Miaka kumi na sita baadaye nasimama mbele yake nikicheza nafasi ya mhusika Kitunda, mikono imefungwa kamba ya katani, namsihi atamke sentensi moja tu watu wetu wapone, naye ananitazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilifaulu mtihani wa mchezo nisioujua.

Kwa ufupi, kwa ambao hawajaufikia. Mjerumani anatawala, watu wanalimishwa pamba kwa nguvu, majumbani njaa, mnyapara anamdhalilisha binti wa Kitunda na wanaume wanatazama chini. Kinjeketile anazama mtoni akiitwa na mzimu Hongo, anatoka na maji ya kuwaunganisha watu na kuwaondolea hofu ya bunduki. Anataka wasubiri, wajipange kwanza. Hawasubiri. Wanavamia boma, bombomu (bunduki za rashasha) zinawafyeka. Mwisho yeye na Kitunda wako mikononi mwa Mjerumani, na anachotakiwa kufanya ni kidogo sana: atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Akitamka hivyo, watoto wa kesho wataambiwa kwamba hata kupigana kulikuwa kosa.

Sasa nisikilizeni hapa. Mtu halisi wa historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. (Wanahistoria wengi wanaliandika jina hivyo. Hussein kaliandika kivyake, na kwenye utangulizi anatuonya kwamba huyu wake ni kiumbe cha sanaa.) Vita ilikuwa changa kabisa, imeanza Nandete mwezi Julai kwa watu kung'oa pamba. Shambulio la boma la Mahenge, lile ambalo watu walianguka kwa mamia mbele ya bombomu, lilikuwa tarehe 30 Agosti. Maana yake yule mzee aliingia kaburini kabla hayo hayajatokea. Inasimuliwa hata kwamba aliwaambia waliomnyonga kuwa wamechelewa, dawa yake imeshafika Kilosa na Mahenge.

Hussein alimwongezea siku za kuishi. Akamweka hai mpaka maiti zikalala chini, ndipo akamuuliza. Historia haikumpa Kinjikitile swali hilo. Jukwaa ndilo lililompa.

Na angalieni mwaka. Mchezo ulichezwa na kuchapishwa 1969, umetoka Mlimani, Chuo Kikuu, hapa hapa Dar. Uhuru una miaka minane tangu bendera ipande. Azimio la Arusha lina miaka miwili. Kamati ya Ukombozi ya OAU makao yake yako mjini humu, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, imezaliwa mjini humu 1962, na tarehe 3 Februari ya mwaka huo huo wa 1969 kiongozi wake Eduardo Mondlane ameuawa kwa bomu mjini humu. Waliokaa kumtazama Kinjeketile walikuwa wakiishi mji mmoja na wapigania uhuru waliokuwa wakiwaahidi wenzao ushindi wasioujua tarehe yake.

Swali langu ni hili. Kiongozi amegundua kwamba neno alilowapa watu halina nguvu aliyodhani. Lakini neno hilo hilo ndilo lililowafanya Wamatumbi, Wazaramo, Wangindo na Wangoni wasimame pamoja. Aseme au anyamaze? Naomba msinijibu kwa majibu ya mtihani.

#2 Mkongwe wa Kariakoo

Mwanangu, umeandika kitu. Mimi niko na Kitunda, na sioni haya.

Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wamefika 250,000 hadi 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Gavana von Götzen na maofisa wake waliamua kuchoma mashamba na maghala, njaa ikafanya kazi iliyobaki. Ukiwa umekaa gerezani na unajua neno lako linaweza kuwarudisha hata watu mia moja shambani wapande mihogo, unalihifadhi neno kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya watoto? Watoto gani, kama mama zao wamekufa njaa?

#3 Mmatumbi wa Temeke

Shikamoo mzee wangu. Naomba nikupinge kwa adabu.

Mimi kwetu ni huko huko milimani. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake kwamba walikula ming'oko mpaka ming'oko ikaisha, wakahamia mizizi ambayo hata jina haikuwa nalo. Nyumbani kwetu chakula hakimwagwi mpaka leo. Kwa hiyo njaa naijua, siyo ya kwenye kitabu.

Lakini bibi huyo huyo hajawahi hata siku moja kusema mzee wa Ngarambe aliwadanganya. Alikuwa anasema, walichoka. Shamba la jumbe lilitaka mtu siku 28 kwa mwaka, za pamba, wakati huo huo shamba lako mwenyewe linaota magugu. Fimbo juu. Ukichukuliwa hivyo mwaka hadi mwaka, huhitaji kudanganywa ndipo upigane. Maji yaliwapa ruhusa ya kufanya walichotaka kufanya siku zote.

Halafu watu wa Dar wanadhani hii ni habari ya mbali. Pamba hii ya lazima ilianza 1902 kwenye wilaya ya Dar es Salaam, kwa Wazaramo. Na ukipanda gari hapo Mbagala ukashika Barabara ya Kilwa, ukavuka Daraja la Mkapa, Mohoro hiyo.

#4 Mtoa mada

Mmatumbi, hilo la "ruhusa" nimeliandika kwenye daftari langu la mazoezi. Asante sana.

Mzee wangu wa Kariakoo, na mimi nilipokuwa jukwaani nilikuwa upande wako kwa moyo wote, maana ndiyo kazi ya anayecheza Kitunda. Ila kuna jambo mchezo unalo ambalo ukisoma haraka linakupita. Kinjeketile haanzi kuyatilia shaka maji kwa sababu ya risasi. Anaanza kabla. Hongo alimwambia kwamba watakuwa huru na watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Watu wanashangilia neno "huru". Yeye peke yake anasikia nusu ya pili: kumbe tunatolewa kwa bwana mmoja tukakabidhiwe kwa mwingine. Kuanzia hapo anakuwa mtu mwenye ujumbe ambao ameupokea kweli, lakini hajui tena ni wa nani. Na watu wameshaanza kucheza ngoma.

Mwaka 1969, watazamaji wakisikia habari ya kubadilisha bwana, walikuwa na sababu ya kukaa kimya. Uhuru wa bendera ulikuwa unazungumzwa kila kona ya Afrika.

Niwape na tukio la mtoni, maana ndilo lililonifundisha kwa nini mchezo huu hautoshi kusomwa. Mchezoni Kinjeketile anatoka majini mkavu. Kwenye karatasi ni mstari mmoja, unapita. Sisi tulihangaika nao wiki tatu. Tulishona vitenge vinne vya buluu pamoja, watu wanne wakashika pembe wakawa wanavitikisa. Lakini mtu akipita chini ya kitambaa kikavu na kutoka mkavu, nani atashangaa? Basi mmoja wetu akasema tuvimwagie maji ya kweli. Tukaweka turubai chini ya vitenge, tukaliinua kwa viti viwili vya plastiki pakawa na njia kavu katikati. Ndoo mbili zikamwagwa mbele ya macho ya watu. Vitenge vikawa vizito, maji yanachuruzika, watoto waliokaa mbele wakarudi nyuma wasilowe. Kinjeketile akatambaa mle ndani, akakaa muda mrefu, wanawake wakalia kwamba amekufa, halafu akatoka upande wa pili. Nikamgusa bega. Mkono wangu ulikuwa umelowa, bega lake kavu.

Mama mmoja anayeuza chapati pale getini akasema kwa sauti, "Mkavu huyo!" Na uwanja mzima ukapokea. Mkavu! Mkavu!

Wakuu, kwa dakika ile moja mimi mwenyewe niliamini. Najua turubai lilipokuwa, nililitandika kwa mikono yangu, na niliamini. Nikaelewa watu walivyokwenda Ngarambe kwa makundi.

#5 Mwalimu wa Fasihi

Nimefundisha tamthiliya hii kwa miaka mingi na nimesoma ujumbe wa #4 nikiwa nimesimama.

Naomba niongeze kwamba Hussein hakuwa peke yake. Pale Mlimani palikuwa na kizazi kizima kilichoamini kwamba jukwaa ni mahali pa kujadili nchi. Penina Muhando alitoa Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, kisha yeye, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya wakaandika pamoja Harakati za Ukombozi, ikachapishwa 1982. Kichwa kinakufanya utegemee shangwe. Ukiingia ndani unakuta wanawake watatu wanauliza ukombozi umemfikia nani. Mitaani na mashuleni zilitamba ngonjera, Mathias Mnyampala akiwa baba yake, na nyingi zilikuwa za kueleza siasa ya nchi. Ngonjera inaishia kwa wabishani kukubaliana. Tamthiliya hizi nzuri haziishii hivyo, na ndiyo maana zinanisumbua darasani: mwanafunzi ananiuliza "jibu ni lipi, mwalimu?"

Tatizo letu ni moja: darasa la watoto tisini, kitabu kimoja kwa watoto sita, mtihani unauliza sifa tatu za mhusika. Hakuna anayesimama kucheza.

#6 Mkenya wa Sinza

Habari zenu ndugu. Nyumbani kwetu Kenya jambo hili lilikuwa na gharama.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo waliandika mchezo wa kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ukatoka 1976. Kwa Kiswahili ni Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Raphael Kahaso. Kimathi halisi alinyongwa 18 Februari 1957. Ndani ya mchezo wanakuja mmoja baada ya mwingine kumjaribu akiwa seli: mkoloni, wenye mabenki, wanasiasa, watu wa dini. Anawakataa wote. Walipotaka kuucheza kwenye ukumbi wa taifa Nairobi, Oktoba 1976, iliwabidi wapiganie siku za kucheza, kwa sababu ukumbi ulikuwa umepangiwa maonyesho ya wageni. Hiyo ni miaka kumi na tatu baada ya uhuru.

Mwaka uliofuata Ngũgĩ akaenda kijijini Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Wakulima na wafanyakazi wakajenga jukwaa la wazi wenyewe, wakacheza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Kibali kikafutwa Novemba 1977. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Kitabu chake cha Kiingereza kilikuwa dukani muda wote huo. Ni pale mama wa shamba la chai alipojiona jukwaani, kwa lugha yake, ndipo askari walipokuja.

#7 Mtoa mada

Ndugu yangu wa Sinza, karibu sana, na asante. Sentensi yako ya mwisho inabeba uzi huu wote.

Nitasema wazi ninachoamini, wanaonipinga wanipinge. Nampenda Kimathi wa mchezo ule, lakini simwogopi, kwa sababu najua tangu mwanzo kwamba hatayumba. Kinjeketile anayumba. Anaumwa na alichokisema. Ukimcheza Kimathi unahitaji kifua, ukimcheza Kinjeketile unahitaji kukosa usingizi. Kwa nchi changa naona huyu wa pili ana faida zaidi, maana waliotuongoza walikuwa watu wa kuyumba kama sisi.

Soyinka wa Nigeria alifanya jambo la karibu na hilo Oktoba 1960, kwenye sherehe zenyewe za uhuru, kwa A Dance of the Forests. Watu wanawaita mababu waje kupamba sherehe, wanakuja wafu wawili waliodhulumiwa, wana madai. Na Hussein mwenyewe hakuishia kwa Kinjeketile. Mashetani, 1971: vijana wawili, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo wa shetani na binadamu, mmoja kavaa ushetani, na mchezo unapoisha ushetani hauvuki. Mkoloni ameshaondoka wakati huo.

#8 Kijana wa Tandika

Mimi ndiye niliyecheza askari kwenye onyesho la mtoa mada. Sikutaka kuchangia ila naona nafasi yangu haijatajwa.

Nafasi ile hakuna aliyeitaka. Mjerumani watu waliigombania, kofia ile na buti zile. Askari hapana. Askari ni Mwafrika, anaongea Kiswahili, anampiga Mwafrika. Kwenye mazoezi nilikuwa napiga fimbo chini pembeni ya mguu wa mwenzangu, sauti inatoka kali, naye analia. Siku ya onyesho kuna mtoto akaokota kijiwe akanirushia. Hadi leo nikipita ile njia watoto wanaitana, "Askari huyo!" na wanakimbia kweli, hawachezi.

Nikawa najiuliza, huyu askari wa kweli alirudije nyumbani baadaye? Alioa? Watoto wake walimwitaje?

#9 Mkongwe wa Kariakoo

Kijana wa Tandika, umenigusa. Pale posta kwenye sanamu ya Askari tunapita kila siku. Ile ya sasa iliwekwa na Waingereza 1927, kwa kumbukumbu ya Waafrika wa Vita ya Kwanza. Kabla yake pale alisimama von Wissmann, yule aliyemaliza vita ya Abushiri. Mji huu una maigizo ya shaba katikati yake na hatuyatazami.

Na kwa kuwa mnaongea habari za jukwaa, tusisahau lililotangulia. Kabla ya Mlimani, uhuru wa mji huu ulichezwa kwenye ngoma. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa Bomba, kikundi cha lelemama, kabla hajawa wa TANU. Mwaka 1955 alipoanza kuwaita wanawake, alipitia vikundi hivyo hivyo vya ngoma. Wale kina mama walijua kupanga watu, kushona sare, kukusanya michango, kuitikia kwa sauti moja. TANU haikuwafundisha hayo, iliyakuta.

Halafu usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 pale uwanjani. Taa zilizimwa. Gizani bendera ya Mwingereza ikashuka. Taa zilipowaka ilikuwa ya Tanganyika juu. Mimi nilisimuliwa na marehemu baba, na kila alipofika kwenye giza lile alikuwa ananyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Kama hilo si jukwaa, jukwaa ni nini?

Mwalimu Nyerere mwenyewe aliipenda kazi hii. Mwaka 1963, yeye ni Rais, inatoka tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare, mchezo wa kumuua mtawala. Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito wakaasi. Sisemi lina uhusiano. Nasema mtu mwenye dola aliona watu wake wanastahili kusoma habari hiyo kwa lugha yao.

#10 Mwalimu wa Fasihi

Mtoa mada, hujatuambia. Mlimalizaje? Kinjeketile wenu alikataaje? Nauliza kwa sababu nataka kuwapeleka kidato cha nne uwanjani, na sehemu hiyo naiogopa.

#11 Mtoa mada

Mwalimu, nitakueleza kama ilivyokuwa.

Kwanza, hatukupanga kucheza nje. Kulikuwa na ukumbi, tumelipa kianzio, siku mbili kabla tukaambiwa umepata shughuli nyingine. Kwa hiyo tulikuwa chini ya mwembe, watu wamekaa kwenye mikeka, wengine wamesimama na baiskeli zao, jua linazama. Hakuna pazia wala taa ya kuzima. Ilibidi kimya kipatikane kwa watu wenyewe.

Nilipomaliza kumsihi, mwenzangu alitakiwa ahesabu moja mpaka tano kimoyomoyo ndipo ajibu. Alifika tano, hakujibu. Nikadhani amesahau maneno. Nikawa natafuta namna ya kumkumbusha, na ndipo mzee mmoja aliyekaa upande wa kulia akasema, siyo kwa kelele, kama anavyomwambia mtu wa nyumbani kwake: "Sema, baba. Sema wapone."

Upande wa pili mama wa chapati akamjibu yule mzee: "Asiseme!"

Wakageukiana. Mzee akasema ana watoto. Mama akasema na yeye anao. Mtu mwingine akaingilia, wakawa watatu, wanne, na sisi tumesimama pale na kamba zetu. Askari wa Tandika kashika fimbo hajui aiweke wapi. Mwenzangu aliwasikiliza wote, anamtazama kila anayesema. Baadaye aliniambia kwamba hakusahau maneno hata kidogo, ila hakuona haki kuwakatisha.

Walipotulia wote walimgeukia yeye. Akatikisa kichwa, taratibu, mara moja. Kisha akayasema maneno yake ya mwisho kwa sauti ya chini sana, mpaka waliokuwa na baiskeli wakaziegesha wasogee.

Yule mzee aliinuka akaondoka kabla hatujainama kushukuru. Jana nimemkuta kwenye kahawa pale kituoni. Nikamsalimia, akanijibu, akanisogezea nafasi kwenye benchi. Akaniuliza Kitunda alifanywa nini baadaye. Nikamwambia mchezo hausemi. Akaninunulia kahawa na kashata, akaanza upya kunieleza kwa nini mimi ndiye niliyekuwa sahihi.